Mwizi Aliyemo Ndani ya Kompyuta

Wazee waliposema kikulacho ki nguoni mwako, walikuwa wakimsema chawa. Hawakuwa na habari ya kompyuta. Hata hivyo hatujaona maneno mengine yanayomweleza vizuri zaidi adui tunayetaka kumzungumzia leo, maana naye haji kwa kuvunja mlango wala kwa kupiga hodi. Huingia pamoja na kitu ulichokitaka mwenyewe, akakaa kimya, akala.

Adui huyo ni programu ya kijasusi. Twataka wasomaji wetu wamwelewe barabara, kwa sababu wengi wetu tungali tukimchanganya na kirusi cha zamani, kile kilichokuwa kikifuta mafaili, kuzima mashine na kutukimbiza kwa fundi. Kirusi cha namna hiyo ni mhuni. Hupiga kelele na kuvunja vyombo. Jasusi ni mtu wa adabu. Hapendi kompyuta yako iharibike hata kidogo, kwa kuwa ikiharibika naye amepoteza kazi. Anachotaka ni kwamba mashine iende vyema, nawe uketi mbele yake kila siku bila wasiwasi, uandike, ulipe na utume barua zako kama kawaida.

Kazi zake ni hizi. Huandika kila herufi unayoibonyeza, pamoja na maneno ya siri. Hupiga picha za yale yaonekanayo kwenye kioo cha kompyuta. Wengine hufungua kipaza sauti na kamera bila mwenye nyumba kujua. Na hawa wa siku hizi, ambao kwa maoni yetu ndio hatari zaidi, hawana haja hata ya kungoja uandike. Huingia katika kivinjari chako, humo ambamo umekubali maneno yako ya siri yahifadhiwe ili usisumbuke kuyakumbuka, wakayachota yote kwa mara moja. Kisha huchukua ile alama ndogo ambayo tovuti hukupa ukisha kuingia, ili isikuulize neno la siri kila mara. Mwizi akiipata alama hiyo aweza kuingia katika barua zako kana kwamba yeye ni wewe, wala haulizwi kitu. Mali yote hiyo husafirishwa kwa njia ya intaneti, tena, na hili latuudhi kupita kiasi, kwa bando ulilolinunua wewe mwenyewe.

Wapo wanaosema: mimi ni mtu mdogo, jasusi atanitakia nini? Jawabu hilo tumelisikia mara nyingi mno, na twaliona kuwa ni la hatari. Hebu tumchukue mhasibu wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi. Ofisi yake ina kompyuta moja. Ndani ya kompyuta hiyo mna orodha ya wanachama, akiba zao, mikopo yao, majina ya wadhamini wao, namba za simu, na njia ya kuingilia katika akaunti ya chama benki. Jasusi akiingia humo, anayeibiwa si mhasibu. Anayeibiwa ni mwalimu aliyeweka fedha za kumalizia nyumba, na mpishi wa hospitali, na dereva anayengoja mkopo wa ada ya mtoto. Au tumchukue katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, ambaye ameandika majina ya wenzake wanaodai malimbikizo ya mishahara. Karatasi ile ikimfikia asiyehusika kabla ya siku ya mkutano, watu watapata taabu kabla hawajafungua midomo. Je, hao nao ni watu wadogo wasio na kitu cha kupelelezwa?

Watu huuliza pia programu hizi huletwa na nani. Husemwa kwamba huletwa na wezi, na kweli huletwa na wezi. Lakini wamo pia mabwana waheshimiwa wenye ofisi, mawakili na vitabu vya hesabu, na habari zao yafaa zijulikane.

Mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG iliuza santuri za CD ambazo ndani yake mlikuwa na programu iliyofichwa. Mnunuzi aliyelipa fedha zake halali aliiweka santuri katika kompyuta ya Windows ili asikilize nyimbo, na mara programu ile ikajichimbia ndani kabisa ya mfumo wa mashine. Kusudi lake lilikuwa kuzuia watu wasinakili muziki. Ili isionekane, ilikuwa ikifanya kila faili ambalo jina lake lilianza kwa alama fulani lisionekane na mtu, hata na programu za ulinzi. Isitoshe, ilikuwa ikiwasiliana na kampuni kwa siri na kuieleza ni santuri gani inayochezwa. Tarehe 31 Oktoba, 2005, mtaalamu mmoja wa kompyuta, Mark Russinovich, alitangaza hadharani alichokikuta katika mashine yake. Haukupita muda wezi wengine wakagundua kwamba nao wanaweza kuyapa mafaili yao alama ile ile na kujificha katika pango lililochimbwa na kampuni. Kampuni ilipotoa dawa ya kuiondoa programu hiyo, dawa yenyewe ikafungua tundu jipya. Mwishowe santuri zikarudishwa na kesi zikafunguliwa. Hayo yote yalimpata mtu aliyekwenda dukani, akapanga foleni, akalipa!

Kisa cha pili chatugusa zaidi, kwa kuwa chahusu watu wasio na fedha. Nchini Marekani yapo maduka ambayo humpa mtu kompyuta kwa kukodi, akawa analipa kidogo kidogo mpaka iwe mali yake. Wateja wa maduka hayo si matajiri; tajiri hununua kwa fedha taslimu. Mwezi Septemba, 2012, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo ilitangaza mapatano na kampuni iitwayo DesignerWare pamoja na makampuni saba ya ukodishaji. Kwa mujibu wa mashtaka ya Tume, kampuni hiyo ilikuwa imetengeneza programu ambayo iliwekwa katika kompyuta zipatazo 420,000 ulimwenguni. Waliambiana kwamba ni ya kumzima mdeni asiyelipa na kuitafuta mashine iliyoibwa. Lakini ilikuwa na sehemu nyingine ambayo, ikiwashwa, ilinasa herufi zilizoandikwa, ikapiga picha za kioo, na kufungua kamera ndani ya nyumba za watu. Zilinaswa barua za wagonjwa kwa madaktari wao, hesabu za benki, na picha za watoto na za watu wasiovaa nguo, waliokuwa majumbani mwao wakidhani wako peke yao. Tena programu ilikuwa ikimwonyesha mteja fomu ya uongo, ati asajili programu zake, ili aandike mwenyewe jina, anwani na simu. Makampuni yalikatazwa kuendelea na mambo hayo.

Tunawaomba wasomaji watafakari jambo hilo. Mtu amechelewa kulipa deni. Je, deni la kompyuta lampa mwenye duka ruhusa ya kuingia chumbani? Kwetu hapa biashara ya kukopesha vitu imeenea, na vifaa vingi vinavyokopeshwa vina uwezo wa kufungwa kutoka mbali. Kufunga ni jambo moja na kuchungulia ni jambo jingine. Anayechukua kifaa kwa mkopo aulize kabla ya kutia sahihi: ndani yake mna nini, chaona nini, na nikimaliza deni kitaondolewa na nani?

Kuhusu mlango wa tatu hatutasema mengi. Mwaka 2004 wezi walijaribu kuhamisha zaidi ya pauni milioni 200 kutoka ofisi ya London ya benki ya Kijapani ya Sumitomo Mitsui, baada ya kuweka katika kompyuta zake programu za kunasa herufi. Mpango huo ulishindwa. Kilichobainika mahakamani ni kwamba mmoja wa wasimamizi wa ulinzi wa jengo ndiye aliyewaingiza usiku. Kwa hiyo mwenye kufunga mlango wa intaneti na kuuacha wazi mlango wa mbao hajafanya kitu. Vipo hata vifaa vidogo, vinene kiasi cha ncha ya kidole, vinavyochomekwa kati ya waya wa kibodi na mashine vikanasa kila herufi. Hakuna programu inayoweza kuvitambua kwa hakika, ila jicho la mtu anayeinama na kutazama nyuma ya mashine yake. Inama, utazame.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo baadhi ya wasomaji wetu hawatalipenda. Mlango mkubwa kuliko yote, hapa kwetu, tumeufungua wenyewe. Ni ile tabia ya kutumia programu zilizovunjwa kufuli, ambazo vijana huziita za kukraki. Mtu anataka programu ya kuandikia au ya kuchora ramani za nyumba, bei yake ni mshahara wa mwezi au zaidi, basi humwendea fundi, naye humwekea kutoka katika flashi kwa shilingi elfu chache. Hatusemi hayo kwa dharau. Twaijua mishahara yetu. Lakini yatazameni masharti yanayoandikwa pamoja na programu hizo. Sharti la kwanza, mara nyingi, husema: kabla hujaanza, zima programu ya ulinzi. Ni mgeni gani huyo ambaye hawezi kuingia nyumbani mpaka kwanza umfunge mbwa na kumwondoa mlinzi langoni? Mtu aliyeivunja kufuli ya programu ile alitumia siku nyingi na akili nyingi. Hakufanya hivyo kwa kukupenda wewe. Mara nyingi malipo yake ni hicho alichokificha ndani.

Tena hatuna udhuru mkubwa kama tunavyodhani, kwani ziko programu za bure za halali. LibreOffice huandika barua na kupiga hesabu bila kudai hata senti, na mifumo ya Linux kama Ubuntu huendesha mashine kwa njia hiyo hiyo. Ofisi nyingi ndogo hazihitaji zaidi ya hapo. Ugumu ni mazoea, na mazoea huchukua majuma mawili au matatu kuyabadili.

Iko hila mpya ambayo yapaswa ijulikane katika kila ofisi. Unafungua tovuti, inatokea karatasi inayosema: thibitisha kwamba wewe ni binadamu. Badala ya kukutaka uchague picha, inakuamuru ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha ubandike maandishi, kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. Ukitii, umemwandikia jasusi amri ya kuingia kwa mkono wako mwenyewe. Hakuna tovuti ya kweli inayotaka jambo hilo. Majasusi waliosambazwa kwa hila kama hiyo na kwa programu za kukraki ni pamoja na Lumma. Mwezi Mei, 2025, kampuni ya Microsoft, pamoja na Wizara ya Sheria ya Marekani na vyombo vya nchi nyingine, iliivunja mitambo yake. Microsoft ilisema kwamba katika miezi miwili tu, kuanzia tarehe 16 Machi hadi tarehe 16 Mei, ilikuwa imezitambua kompyuta zaidi ya 394,000 zilizoingiliwa na jasusi huyo mmoja.

Basi mtu afanye nini? Wafanya biashara wangependa tuamini kwamba lazima kununua programu nyingine ya ulinzi kila mwaka. Sisi twaona jambo la kwanza ni kutumia iliyopo. Mwezi Desemba, 2004, Microsoft iliinunua kampuni ndogo ya GIANT iliyokuwa ikitengeneza dawa ya majasusi, na kutokana nayo kikapatikana kile kiitwacho Defender, ambacho tangu Windows 8 ya mwaka 2012 ni ulinzi kamili uliomo ndani ya mashine bila malipo. Kinatosha kwa mtu wa kawaida, maadamu hakizimwi. Tujihadhari pia na matangazo yanayoruka kwenye kioo yakipiga kelele kwamba mashine ina virusi hamsini, bonyeza hapa usafishe. Mara nyingi anayepiga yowe la mwizi hapo ndiye mwizi.

Jambo la pili ni marekebisho. Watu huyaahirisha kwa sababu hula bando, nasi twaielewa sababu hiyo. Lakini marekebisho ndiyo yanayoziba matundu. Tarehe 14 Oktoba, 2025, Microsoft ilifikisha mwisho huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo haziharibiki, bali isiyoandikishwa katika mpango wa nyongeza haipati tena viraka vya usalama. Vyama vya ushirika vyenye mashine za namna hiyo visizitumie kuingilia benki mpaka zimeingizwa katika mpango huo au zimewekewa mfumo mpya.

La tatu ni dogo, halina gharama, na karibu hakuna anayelifanya. Kompyuta hutambua watumiaji wa namna mbili: mkubwa, aliye na ruhusa ya kuweka programu na kubadili mfumo, na wa kawaida. Wengi wetu huketi siku nzima tukiwa mkubwa. Hapo jasusi akiingia, naye huwa mkubwa. Fungua akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku, ile ya mkubwa ikae na neno lake la siri, itumike siku ya kuweka kitu kipya tu. Pamoja na hayo, barua pepe na akaunti za fedha ziwekewe uthibitisho wa hatua mbili. Na neno la siri la benki ya chama lisihifadhiwe kamwe ndani ya kivinjari, wala lisiandikwe katika kompyuta ya mkahawa wa intaneti, hata iwe ni siku ya mwisho ya malipo.

Kama mtu ana hakika kwamba ameingiliwa, kosa kubwa analoweza kufanya ni kubadili maneno ya siri akiwa katika mashine ile ile. Atakuwa anamsomea jasusi maneno mapya. Aikate kwanza kutoka katika intaneti. Atumie mashine nyingine iliyo safi, abadili maneno yote akianzia la barua pepe, na aamuru akaunti zake ziondolewe katika vifaa vyote, ili ile alama ndogo tuliyoieleza isifanye kazi tena. Kisha anakili nyaraka zake, nyaraka tu, si programu, na mfumo uwekwe upya kutoka kwa mwenyewe aliyeutengeneza. Apewapo fundi kazi hiyo, aulizwe mapema atauweka kutoka wapi. Tumekwisha kuona mashine iliyopelekwa kusafishwa ikarudi na uchafu mpya, umetoka katika flashi ya fundi.

Limebaki suala la waajiri, nalo hatutalikwepa. Kompyuta ya ofisi ni mali ya ofisi, na mwajiri ana haki ya kuilinda. Hatubishi. Lakini zinauzwa leo programu ambazo humwonyesha meneja kioo cha kila mfanyakazi, herufi anazobonyeza na dakika alizonyamaza, na wanaoziuza husifu kwamba mfanyakazi hatatambua kitu. Hapo ndipo ulinzi unapogeuka kuwa ujasusi. Nchini Rumania mfanyakazi mmoja, Bogdan Bărbulescu, alifukuzwa mwaka 2007 baada ya mwajiri kusoma mazungumzo yake na ndugu yake na mchumba wake. Alishindwa katika mahakama za kwao, akashindwa tena mwaka 2016 katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, lakini hakukata tamaa. Tarehe 5 Septemba, 2017, baraza kuu la mahakama hiyo liliamua kwa kura 11 dhidi ya 6 kwamba haki yake imevunjwa, kwa kuwa mahakama za kwao hazikuhakikisha kama aliambiwa mapema kwamba atachunguzwa, na kwa kiasi gani.

Hukumu ile haitufungi sisi. Lakini hatuhitaji kuazima ya Ulaya. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini na kunasa mawasiliano yake. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe mwenyewe makusudi ya kuzikusanya, na imeunda Tume ambako mwananchi aweza kupeleka malalamiko yake.

Kwa hiyo twayaomba matawi ya vyama vya wafanyakazi yaliingize jambo hili katika mazungumzo ya mikataba inayofuata. Mkataba useme wazi kama mashine za kazini zinachunguzwa, kinachochunguzwa ni nini, nani anayekisoma, na kinatunzwa kwa muda gani. Mwajiri ambaye hana la kuficha ataandika hayo katika ukurasa mmoja. Asiyetaka kuandika aulizwe kwa barua, na nakala ya barua hiyo, pamoja na jibu lake au kutojibu kwake, itunzwe katika jalada la tawi.